Mishono Iliyolala Kushoto

Jumamosi, tarehe kumi na nne Oktoba, saa mbili na robo asubuhi. Upepo wa kaskazini, manyunyu, mawingu yameshuka hadi kwenye vilele vya maghala ya ngano. Ndani ya ukumbi wa maonyesho ya kilimo, Verlin Haupt alikuwa amekwisha kuipanga meza yake: hatamu nne, lijamu sita, mabegi mawili ya tandiko, upanga mmoja wa mwaka 1860 pamoja na ala yake, na katikati, juu ya farasi wa mbao, tandiko la Pettigrew.

Verlin alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Alikuwa amefundisha historia kwa miaka thelathini na mbili katika shule ya sekondari ya mji huo huo wa Kansas, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa vifaa vya jeshi la farasi. Mbele ya kila kitu kilichokuwa ukumbini palikuwa na kadi, na mstari wa mwisho wa kila kadi ulianza kwa neno moja: Kilichobadilishwa. Sheria hiyo aliitunga yeye. Kama umebadilisha kamba, unaandika kamba. Kama umeweka msumari mpya, unaandika msumari. Miaka miwili iliyopita alimfukuza chamani Lyman Strunk, rafiki yake wa siku nyingi, kwa kuficha kwamba ala ya upanga wake ilitoka kwenye upanga mwingine.

Kwenye kadi ya tandiko la Pettigrew alikuwa ameandika: matengenezo madogo. Maneno hayo mawili angeyakuta kwenye kadi ya mtu mwingine, angemrudishia siku hiyo hiyo.

"Profesa!" Dale Kucera aliingia na sinia la kolache, mikate midogo ya jamu ya plamu ambayo mkewe huioka kila mwaka kwa siku hii. Dale alikuwa mkulima wa mtama, mkusanyaji wa panga, na mtu wa utani. "Mbona uso umekuvimba kama umelala kwenye zizi? Kula. Ukifa na njaa nani atatukagulia kadi?"

"Weka hapo, Dale."

"Naweka hapo. Hata asante hakuna. Jamani, huyu mzee alifundisha watoto!"

Verlin hakucheka. Alikuwa akitazama mlango, kwa sababu Odessa Pettigrew alimpigia simu jana akamwambia atakuja mapema, na kwamba ana jambo.

Tandiko lilikuwa la ukoo wa Odessa. Alimkabidhi Verlin miaka minne iliyopita, alichunguze na kulionyesha, baada ya kufariki kwa mjomba aliyelitunza. Odessa alisema kwamba babu mzaa babu yake, Ransom Pettigrew, alikuwa fundi wa matandiko katika Kikosi cha Kumi cha farasi, kikosi cha askari weusi, na kwamba tandiko hilo lilipita mikononi mwake. Verlin alisikiliza kwa heshima. Halafu aliandika kwenye daftari lake: hadithi ya familia, haina ushahidi.

Kwenye ukingo wa nyuma wa tandiko palikuwa na kiraka cha ngozi, ukubwa wa kiganja. Mishono yake haikufuata kanuni ya jeshi. Ilikuwa mipana, imelala upande wa kushoto, na wa mwisho ulikatwa na mwingine kama msalaba. Verlin aliwaza kwamba ni kazi ya mkulima fulani wa miaka ya njaa na vumbi, aliyekuwa na sindano nene na haraka nyingi. Akakifumua kiraka. Akakata ngozi mpya, akaipaka rangi hadi ikafanana na ya zamani, akaishona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, mishono minane kwa inchi, wima, kama karakana ya jeshi ilivyotaka. Ilikuwa kazi safi. Watu walimsifu, naye akapokea sifa. Kiraka cha zamani alikitia kwenye kopo la kahawa pamoja na nyuzi zake, kwa sababu mkusanyaji hatupi kitu.

Mwezi wa Aprili mwaka huu alikwenda Nebraska kumsaidia mjane mmoja kuorodhesha vitu vya marehemu mumewe. Huko alikuta tandiko jingine, lenye herufi ya kombania ile ile iliyokuwa kwenye tandiko la Pettigrew. Lilikuwa na kiraka. Mishono yake ilikuwa mipana, imelala kushoto, imefungwa kwa msalaba. Verlin alikaa sakafuni. Matandiko mawili, kombania moja, mkono mmoja: huyo hakuwa mkulima. Huyo alikuwa fundi wa kombania. Ushahidi ambao Odessa hakuwa nao ulikuwepo siku zote, na yeye ndiye aliyeukata kwa kisu.

Miezi sita ilikuwa imepita. Hakumwambia mtu.

Odessa aliingia akikung'uta mwavuli. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, dereva wa basi la shule huko Wichita, mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha watoto sitini bila kugeuza shingo.

"Bwana Haupt! Kaa chini kabla sijakuangusha."

"Habari za safari, Bi Odessa?"

"Safari achana nayo. Ona hii." Alitoa bahasha ya plastiki. Ndani yake palikuwa na karatasi moja ya rangi ya chai. "Binamu yangu wa Topeka kaikuta ndani ya Biblia ya bibi. Barua ya Ransom kwa dada yake, mwaka 1889. Sikiliza: 'Nashona kwa mkono wa kushoto, na sajini hunicheka kwamba mishono yangu imelala kama walevi. Kila kiraka nakifunga kwa msalaba, ili nikikutana na tandiko popote nijue kwamba lilipita mikononi mwangu.' Unasikia, bwana? Walevi! Mishono kama walevi!"

Odessa alikuwa ameyafumba macho nusu na kuugeuza uso ukutani, mbali na meza.

"Silitazami," alisema. "Nilipokuletea nililibeba likiwa ndani ya blanketi la mjomba, sikuwa na habari ya mishono wala nini. Sasa nimemwahidi shangazi Verbena tutaliona pamoja. Ana miaka tisini na moja, anamkumbuka babu yake kwa macho. Yuko hotelini na ndugu wengine, magari mawili. Saa tano nitasoma barua hii mbele ya watu wote, halafu shangazi ataishika hiyo mishono. Umeruhusu?"

"Bi Odessa..."

"Sema ndiyo tu, mengine baadaye."

"Ndiyo," alisema Verlin.

Odessa akaondoka na kolache mbili, moja mkononi na moja mdomoni.

Dale alikuwa amesimama nyuma yao na kusikia yote. Alimtazama Verlin, akalitazama tandiko, akainama, akaitazama mishono minane kwa inchi, iliyosimama wima kama gwaride.

"Verlin," alisema polepole. "Sema hukufanya."

"Nilifanya."

"Cha zamani kiko wapi?"

"Kwenye gari. Ndani ya kopo."

Dale alivuta pumzi. Utani ulikuwa umemtoka. "Basi mbona umesimama? Una saa mbili na nusu. Una mkono bora kuliko fundi yeyote katika jimbo hili. Fumua chako, rudisha chake, pitisha uzi kwenye matundu yale yale. Kushoto, kushoto, msalaba. Unalirudisha tu lilivyokuwa. Nani atadhurika?"

Neno hilo lilikuwa na utamu. Verlin alilibeba tandiko hadi kwenye gari lake, akafunga mlango, akaliweka magotini. Manyunyu yaligonga paa. Alikifumua kiraka chake kwa dakika kumi. Alifungua kopo. Ngozi ya zamani ilikuwa imejikunja kidogo, na pembeni mwake mlikuwa na matundu, kila moja limekatwa kwa mshazari, kila moja limevutwa kidogo upande ule ule. Hakuwahi kuyahesabu. Yeye aliyehesabu misumari ya vikuku vya tandiko, aliyepima mikanda kwa robo ya inchi, alikifumua kiraka hiki bila hata kukichora, kwa kuwa alikwisha kuamua kwamba aliyekishona hakuwa mtu wa kuhesabiwa.

Alitunga uzi kwenye sindano. Alihamishia sindano mkono wa kushoto. Mshono wa kwanza ulikuwa mbaya. Wa pili ulilala. Wa tatu ulilala vizuri kabisa, mlevi kamili, na Verlin akautazama kwa fahari kabla hajakumbuka ni nani atakayeupapasa. Mwanamke wa miaka tisini na moja atapitisha kidole hapo na kuambiwa: huyu ni babu yako. Naye atakuwa anapapasa mshono wa Verlin Haupt.

Alikata uzi. Aliichomoa mishono yote mitatu. Kisha akakaa na tandiko lenye jeraha wazi magotini, mbao ya ndani ikionekana, hadi saa nne na nusu.

Magari mawili yalipoingia alishuka akasimama kwenye manyunyu bila kofia. Odessa alikuwa akimsaidia shangazi yake, mwanamke mdogo aliyevaa koti la bluu na viatu vya kamba, kukaa kwenye kiti cha magurudumu.

"Bwana Haupt, utapata homa," alisema Odessa. "Kuna nini?"

"Mishono haipo," alisema Verlin. "Niliifumua mwenyewe, miaka minne iliyopita. Niliona ni kazi ya ovyo. Nikaweka kiraka changu, cha zamani nikakitia kwenye kopo, na kwenye kadi sikuandika. Tangu Aprili, nilipokuta tandiko jingine huko Nebraska lenye mishono hiyo hiyo, najua kwamba ilikuwa kazi ya Ransom, na nikanyamaza. Leo asubuhi nimekaa kwenye gari lile nikianza kuiga mkono wake ili nikudanganye. Nimeacha. Lakini nilianza."

Odessa alikaza breki ya kiti cha magurudumu. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Nilikuuliza. Nilipokuja mara ya pili nilikuuliza, umelifanya nini, mbona linang'aa? Ukasema umelisafisha kidogo."

"Nilisema hivyo."

"Miaka minne unatupa mkono wa watu kwenye kopo, na sisi tunakushukuru! Nilikuletea keki ya viazi vitamu, mzee wewe! Kila Krismasi!"

"Naam."

"Usiniambie naam! Watoto wangu wa basi wana akili kuliko wewe. Wakivunja kioo wanasema siku hiyo hiyo."

"Odessa," alisema shangazi Verbena. "Hilo kopo liko wapi?"

Verlin alilileta. Ajuza alilipokea mapajani, akakitoa kiraka, akakinusa. Kisha akaanza kupitisha kidole gumba kwenye matundu, moja baada ya jingine, midomo ikitembea. Hakuna aliyemwingilia. Maji yalitiririka kwenye miwani ya Verlin naye hakuyafuta.

"Arobaini na matatu," alisema shangazi. "Alinifundisha kufunga kamba za viatu nikiwa na miaka mitano. Kwa mkono wa kushoto. Mama alinichapa ili niache, sikuacha." Alionyesha viatu vyake. Fundo lililala upande wa kushoto. Kisha akamtazama Verlin kwa mara ya kwanza. "Wewe ulihesabu mangapi?"

"Sikuhesabu, mama."

"Hapana," alisema ajuza. "Nilidhani hivyo."



Saa tano kamili Odessa alisoma barua mbele ya watu themanini. Hakubadilisha neno. Tandiko lilikuwa juu ya farasi wa mbao, ukingo wake wa nyuma wazi, na kiraka cha zamani kimelazwa kando yake juu ya kitambaa cheupe. Baada yake Verlin alisimama akasoma kadi mpya, mstari wa mwisho: Kilichobadilishwa: kiraka cha fundi Ransom Pettigrew, kimefumuliwa na V. Haupt, bila sababu.

Odessa alilichukua tandiko siku hiyo hiyo, ndani ya blanketi la mjomba, na Krismasi hiyo hakupeleka keki. Shangazi Verbena alikaa na kiraka kwenye droo ya kitanda chake, na akawaambia wote kwamba hakitashonwa na mtu hadi yeye afe, na baada ya hapo wafanye wapendavyo. Mjane wa Nebraska alipokea simu kutoka Wichita, akakubali kutuma picha kumi na mbili za tandiko lake. Dale Kucera aligawa kolache zilizobaki, akazipitia upya kadi zake zote ishirini na mbili, akarekebisha tatu. Verlin Haupt aliandika barua ya kujiuzulu uenyekiti, akaikabidhi kabla ya kufunga ukumbi, kisha akampigia simu Lyman Strunk, ambaye hakupokea, akampigia tena Jumapili.