Nyumba Kubwa na Nakala Yake

Bi mkubwa alikuwa ameshafunga godoro juu ya teksi, sasa anarudi kuchukua masufuria. Mumewe, mwandishi wa programu wa kampuni ya bima, hakunyanyuka kwenye kompyuta.

Programu yake ilikuwa ya kuweka mafaili ya ofisi mbili sawasawa: kinachoingia folda ya kwanza kiingie na ya pili, kinachotoka ya kwanza kitoke na ya pili. Aliijaribu kwa picha za vitu na watoto wa nyumba zake, nyumba kubwa folda ya kwanza, nyumba ndogo ya pili. Wiki hiyohiyo friji ya bi mkubwa ikaonekana na kwa bi mdogo. Bi mdogo, aliyechoka kulalamika kwamba anapewa makombo, aliifuta vumbi akashukuru.

Mume aliwapa binti zake wawili, mmoja kila nyumba, jina moja, la marehemu mama yake, na wote aliwaita "Mama". Wa nyumba kubwa alipokatwa goti na kioo, wa nyumba ndogo aliamka na kovu. Akapakwa mafuta, akaenda shule.

Masufuria yalipotoka, simu ikalia: bi mdogo.

"Wewe! Sufuria limeondoka motoni, maharage yamemwagikia jiko."

"Subiri. Inasawazisha."

"Mkeo anahama na mtoto?"

"Anavaa viatu."

"Izime basi!"

"Nikiikatiza itaharibika, na kesho naionyesha kwa bosi."

"Basi mrudishe ndani huyo mtoto! Wangu miguu haionekani tena, haki ya Mungu."

Alitoka hadi getini. "Mwache Mama arudi ndani kidogo," alimwambia mkewe. "Kuna mwenzake kule."

Bi mkubwa alikuwa anamfunga mtoto kamba za viatu. "Mwenzake si ana baba? Amshike. Panda, mwanangu."

Teksi ikaondoka. Kwenye kompyuta kuliandikwa: *Tofauti: hakuna.*

Bi mkubwa alipanga chumba nyuma ya kituo cha mafuta, anashona sare. Binti yake anasoma vizuri, ila hapendi kuitwa Mama. Kampuni iliichukua programu, ikampa mwenyewe kiti cha ngozi. Siku hizi hulala nyumba yoyote iliyo karibu, maana zote hazina kitu. Bi mdogo hakuondoka. Yupo palepale, sakafuni. Picha yake haikuwahi kuwekwa kwenye folda yoyote.