Alhamisi za Kageha

Siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Lornah alikuwa anamalizia mbuta wake wa kumi na tisa wakati Kageha, aliyekuwa nyuma yake akingoja kunoa kisu, alipomwambia kwamba shingo yake inawaka.

"Tangu lini?" Lornah akauliza.

"Tangu uiname."

"Inachoma nguo?"

"Hapana. Inapepesa tu. Kijani hivi, kama ndimu changa."

"Basi wacha ipepese," akasema Lornah, akageuza samaki upande wa pili.

Kufikia Ijumaa wanawake wote ishirini na wanne wa meza za minofu walikuwa na taa, kila mmoja na yake, pale ukosini nywele zinapoishia. Ilikaa chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mtama. Mtu akiwa macho ilipepesa mbiombio; akianza kusinzia ilipunguza mwendo; akilala ilizima. Kiwanda kilikuwa ukingoni mwa ziwa, si mbali na Dunga. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha samaki walipoisha.

Msimamizi, Bwana Wepukhulu, alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa. Alizitazama zile taa wiki nzima. Jumatatu akaja na mambo matatu. Vitambaa vya kichwa vifungwe juu, shingo zionekane. Nusu ya taa za dari zizimwe, kwa kuwa mwanga sasa unatosha. Na mfanyakazi ataondoka zamuni pale taa yake itakapozima, na akiondoka hivyo asijisumbue kurudi.

"Mnaona urahisi?" alisema. "Zamani ilibidi niwachungulie usoni. Na mtu anaweza kulala macho wazi, kama samaki. Sasa siwasumbui."

"Asante, Bwana Supavaisa," akasema Kageha. "Na wewe geuka basi tuone yako."

Wanawake wakacheka. Wepukhulu naye akacheka, ila hakugeuka.

Taa ya Lornah ndiyo iliyochechemea kuliko zote. Mtoto wake, Terry, alikuwa na miezi minane na meno yalikuwa yanatoka yote kwa mpigo. Mchana alimwacha Nyalenda kwa jirani aliyeitwa Wangu, muuza mitumba. Baba Terry alikwenda Katito mwaka jana kununua tairi ya pikipiki, na mpaka leo anatuma salamu. Lornah alikuwa na mpango mmoja tu maishani: apite mtihani wa kidato cha nne Novemba hiyo, aingie chuo cha uuguzi, na mwanawe akue akimjua mama asiyenuka samaki. Masomo yalikuwa Alhamisi jioni, katika ukumbi wa kanisa.

Kageha ndiye aliyeyawezesha. Alikuwa Mmaragoli, umri wa mama yake Lornah, na miaka kumi na saba alikuwa amesimama meza ileile. Kila Alhamisi saa kumi na moja na nusu alimgusa Lornah kwa kiwiko, mara moja, akasema, "Nenda." Kisha akavuta trei ya Lornah kando ya yake na kushika nafasi mbili. Wepukhulu hakukataa; samaki walikuwa wanaisha. Na siku ambazo taa ya Lornah ilikaribia kuzima, Kageha aliegemea nyuma yake hivi, taa yake ikaficha ile nyingine.

Taa ya Kageha haikupunguza mwendo hata siku moja. Mwezi wa pili wa taa hizo kiwanda kikamtunza mbele ya wote: blanketi zito la mistari ya samawati, kwa mfanyakazi aliye macho kuliko wote. Kageha akashukuru, akalipeleka moja kwa moja kwa Terry.

"Si ni lako, mama?" Lornah akamwambia.

"La kazi gani? Nikijilaza naangalia mabati mpaka jogoo awike. Misumari yote ya paa langu naijua kwa sura."

Alhamisi iliyofuata Mwalimu Obiero alichora kabichi ubaoni.

"Kabichi ina shina," alisema. "Na ubongo una shina, hapo ukosini. Ndani yake kuna seli zinazokuweka macho. Kila seli ina milango midogo. Nje ya mlango imesimama kalsiamu, ileile ya mifupa ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Mlango ukifunguka inaingia kwa kishindo, na seli inapiga kelele: amka! Halafu sharti itolewe nje, chembe baada ya chembe. Hapo ndipo kazi. Kuingia ni kuteremka. Kutoka ni kupanda mlima na mtungi kichwani. Ndiyo maana mnapepesa, akina mama."

Lornah akainua mkono. "Na ikiacha kupepesa, mwalimu? Ikiwaka tu?"

Obiero alifuta chaki vidoleni kwa muda.

"Basi imeingia na hakuna wa kuitoa. Seli hiyo haiko macho tena. Inakufa ikiwa imewashwa."

Kisha akawapa kazi ya nyumbani.

Taa ya Kageha ilikuwa imeacha kupepesa tangu Jumatatu. Kesho yake asubuhi Lornah alikuja na daftari ndani ya aproni, akamsomea yote, na kabichi akamwonyesha.

"Wepukhulu anasema hii ndiyo nzuri," Kageha akajibu. "Haimuumizi macho."

"Mama, ni mlango umekwama wazi. Nenda ulale, hata siku mbili tu. Alhamisi nitakaa mwenyewe."

"Na mtihani?"

"Utangoja."

"Yawa! Mtihani humngoja nani? Mimi nina mlango wazi, wewe una mtoto. Usinibishie, barafu inayeyuka."

Lornah angeweza kubisha. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tano. Alifunga daftari, akalirudisha ndani ya aproni.

Kageha alikufa Ijumaa ya wiki ya pili baada ya hapo, saa nne asubuhi, kati ya samaki wa thelathini na wa thelathini na moja. Lornah alijua kwa kiwiko, kilikuwa baridi. Ingawa mle ndani viwiko vyote ni baridi. Muuguzi wa kiwanda akaja, akashika mkono mmoja, akashika wa pili, akashika shingo, akaandika: Mapigo hakuna. Mwanga upo. Ofisi ikasoma maneno yote manne na kufuata mawili ya mwisho, kwa kuwa ndiyo yaliyotajwa na kanuni. Kisu cha Kageha hakikusimama. Minofu yake ilitoka safi kama siku zote.

Wanawe wawili walikuja Jumamosi kutoka Vihiga, na jeneza juu ya pikapu. Mlinzi akawapa benchi. Wepukhulu akatoka, akavua kofia, akaomba nao sala nzuri sana, kisha akawaeleza kwamba mama yao ataachiliwa taa ikizima.

"Mama amekufa, mzee," akasema mkubwa.

"Najua, kijana wangu. Poleni sana. Nilimheshimu mno. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Walikaa kwenye benchi siku mbili. Jumapili wazee wa nyumbani wakapiga simu kusema inatosha. Wakakata mgomba, wakauvisha gauni la kanisani la Kageha, wakauzika ndani ya lile jeneza, kama anavyozikwa mtu aliyezama na asionekane. Lornah hakwenda mazishini. Siku hiyo samaki walikuwa wengi.

Ikaja Alhamisi. Saa kumi na moja na nusu kiwiko kikamgusa, mara moja, kwa nguvu ileile. Lornah akageuka. Kageha hakusema kitu. Macho yalikuwa kwa samaki, mkono umeshavuta trei. Lornah alisimama pale kitambo akifikiria kubaki. Kisha akaosha mikono kwa ndimu, akaenda darasani.

Hawajamaliza ukurasa wa kwanza, stima ikapotea. Mishumaa ilikwisha wiki iliyopita. Hata hivyo benchi la nyuma yake liliendelea kusoma.

"Mama Terry," mmoja akanong'ona, "yako haipepesi."

"Tangu lini?"

"Tangu ukae."

Obiero akaja katikati ya mabenchi, akasimama nyuma yake. Lornah alisikia chaki ikizungushwa vidoleni, ikizungushwa, ikasimama. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili, na darasani walikuwa watu kumi na mmoja.

"Njoo mbele, Mama Terry," mwalimu akasema hatimaye. "Simama hapa, utazame wenzako, taa iangalie ubao."

Lornah akaenda, akasimama, akainamisha kichwa kidogo ili mwanga ufike juu. Nyuma yake chaki ikaanza kutembea. Hakuweza kuona kilichokuwa kinaandikwa, lakini wenzake wote walikuwa wananakili.