Aliyesuka Transfoma ya Kwanza

Turubai lilipovutwa, transfoma kuukuu ikabaki wazi katikati ya ukumbi wa kiwanda, imepakwa rangi mpya ya kijivu, na makofi yote yakamwendea mdogo wa Waya. Waya, jina alilobandikwa ujanani kwa sababu ya wembamba wake, alipiga makofi pia, ila viganja vyake havikutoa sauti.

Kampuni hii waliianzisha wawili, ndugu wa tumbo moja, kwenye stoo ya mama yao, wakisuka upya nyaya za mota zilizoungua za pampu na mashine za kusaga. Kisha mdogo akazuka na wazo la kuunda transfoma. Waya alimcheka, akaenda zake kuajiriwa kwenye kampuni kubwa ya mji mwingine. Aliporudi, transfoma hii ya kwanza ilikwishawasha taa za zahanati ya jirani, na stoo ilikwishakuwa kiwanda. Alipewa ofisi yenye dirisha pana na heshima zote za kaka mkubwa, na heshima hizo ndizo zilizomkereketa. Kila mgeni aliyemwambia, "Mdogo wako ni kichwa!" alimwacha akichekea nje huku ndani kijicho kikimfukuta.

"Kaka," mdogo wake alimwita sasa, akimnyooshea kipaza sauti, "wasimulie vijana tulikotoka. Wewe ndiye mkubwa."

Waya alipanda jukwaani akikusudia kusema machache tu. Lakini nyuso zile changa zilizomkodolea macho zilimlevya, ulimi ukamponyoka.

"Transfoma hii niliisuka mimi," alisema. "Watu walituambia haitafanya kazi. Huyu mdogo wangu alitaka kukata tamaa. Nikamwambia, tulia, utaona."

Mama yao, aliyeketi mstari wa mbele, aligutuka, midomo ikamfunguka. Mwanawe mdogo, aliyeketi kando yake, akamshika mkono.

"Mama, kaka anaongea," alinong'ona.

Waya alisikia. Makofi yakalipuka, safari hii yakiwa yake peke yake. Aliisubiri raha, haikuja. Kilichokuja ni uchungu mkali kuliko ule wa awali: hata uongo huu alikuwa amepewa na mdogo wake, kama alivyopewa ofisi.

Mhandisi mmoja, binti aliyeajiriwa karibuni, akanyoosha mkono. "Mzee, siku mliyoiwasha pale zahanati, ilikuwaje?"

Siku hiyo Waya hakuwepo. Habari zake alizisikia juujuu, na miaka yote hiyo, kwa kuogopa kusikia jinsi mwenzake alivyofaulu, hakuwahi kuuliza. Alimtupia jicho mdogo wake. Yule akatazama chini, akimwachia nafasi aseme lolote alitakalo.

"Sikuwepo," Waya alisema.

Mtu akacheka, akidhani ni utani.

"Wala sikuisuka mimi. Aliisuka yeye."

Akashuka jukwaani, akapita mbele ya mama yake bila kuthubutu kumtazama, akamkabidhi mdogo wake kipaza sauti. Lakini hakukiachia. Alikiziba kwa kiganja, akainama.

"Ilikuwaje?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Niambie kweli. Uliogopa?"

Mdogo wake aliinua macho, kama mtu aliyeulizwa jambo alilokwisha kukata tamaa ya kuulizwa.

"Watu wote walikuwa wanaangalia taa," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia mlango, kaka. Nilijua utatokea."