Mifupa Juu ya Gunia

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigonga gizani, tik-tik, tik-tik, kama meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi. Mbinya alikiwekea jiwe juu. Kikanyamaza kidogo, kisha mvuke ukakiinua pamoja na jiwe lake. Jogoo walikuwa hawajawika. Ndani, kitandani, binti yake Syombua alijigeuza, akakohoa, akalala tena.

Ndani ya sufuria mlikuwa na mkono wa nyani.

Hakuutafuta kwa ubaya. Nyani walikuwa wameshuka kutoka kilimani, kama kawaida yao mahindi yanapoanza kukauka, na mbwa wa majirani wakamkamata mmoja mdogo, bado mtoto, wakamuua. Mzoga ukatupwa korongoni. Mbinya alipita hapo jioni akitoka shule, akasimama, akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akashukuru kwamba hakuna mtu. Akaukata mkono kwa panga, akaufunga kwa gazeti la zamani, akautia kwenye kiondo chini ya vitabu vya wanafunzi. Baadaye ndipo alipojua kwamba afadhali angeonwa na kijiji kizima.

Alitumia sufuria ya mbwa, ile isiyo na masikio, akatia na magadi ili nyama iachane na mfupa upesi. Yote hayo kabla ya mama mkwe wake kuamka. Pale kijijini Matinyani, mke wa mtoto wa mtu anayepatikana akichemsha mkono wa nyani hangoji kushtakiwa. Ameshajishtaki mwenyewe.

Nyama ilipolegea aliitoa kwa vidole. Asubuhi, akiwa ameshika chaki, ndipo alipoona ncha za vidole vyake zimevimba malengelenge. Hakukumbuka kuungua.

Ndivyo alivyokuwa tangu Machi. Machi ndipo alipombeba mwanawe mchanga, Ndolo, mgongoni kwenda hospitali ya Kitui, mtoto ana homa, na akatembea akimwimbia, akishukuru moyoni kwamba hatimaye amelala. Mwanamke mmoja waliyekutana naye njiani ndiye aliyemwambia amshushe amwangalie. Tangu siku hiyo mambo yalimfikia kama redio ya nyumba ya jirani: unasikia watu wanaongea, hujui wanasema nini. Mumewe, Kisilu, alikuja kutoka Mtito Andei alikofanya kazi, akazika, akarudi. Mbinya akarudi darasani maziwa yakiwa bado hayajakauka.

Darasa lenyewe lilikuwa Form Four, la kwanza la mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4, na hakuna aliyejua mtihani huo mpya utauliza nini. Shule ilikuwa ya harambee, imejengwa kwa mchanga wa wazazi na mabati ya kanisa. Mwalimu mkuu, Gicheru, mtu wa Murang'a, alimwita ofisini walipoikaribia mada ya chanzo cha viumbe.

"Mama Syombua, pita hapo haraka haraka, kama mtu anapita nyumba yenye mbwa mkali."

"Na mtihani ukiuliza?"

"Ukiuliza ni maksi tu. Sikiza, mimi ni mgeni hapa. Wewe ukiwaka moto, mimi sina hata kikombe cha maji."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Katika mkutano wa wazazi, Mzee Mutunga, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na vilevile mwenyekiti wa shule, alikuwa amesimama na kofia mkononi, akasema, "Nyani anakula mahindi yangu kila mwaka. Kumbe siku zote hizo ni babu yangu anakuja kunisalimia, na mimi ninamtupia mawe!" Watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Mbinya naye aliona kwamba ni jambo la kuchekesha. Alikumbuka kwamba zamani angecheka.

Hata yeye hakuwa na uhakika wa yote yaliyoandikwa kwenye kitabu. Alisali asubuhi na jioni. Lakini Form Four yake mwenyewe aliipata kwa masomo ya jioni kule Kitui mjini, Syombua akinyonya huku mama yake anaandika, na hakuna siku mwalimu wa jioni aliwaambia ninyi akina mama ukurasa huu si wenu, rukeni. Hilo peke yake ndilo lililobaki wazi kichwani mwake. Hawezi kuwarukisha watoto wa watu ukurasa.

Basi akaipanga mifupa kwenye meza ya mbele, juu ya kipande cha gunia. Kiganja, vidole, kidole gumba pembeni. Akawaambia wasogee, wachore wanachokiona.

Walisogea wakicheka. Kisha kicheko kikaisha.

"Mwalimu," alisema Nzioka, aliyekuwa mcheshi wa darasa, na safari hii hakuwa anafanya mzaha. "Huu ni mkono wa mtu."

"Ni wa nyani. Ndiyo maana nimewaletea. Angalieni mifupa inavyofanana na yetu, halafu mtafute tofauti."

"Ni wa mtu mdogo," alisema Ndululu, msichana aliyetaka kuwa nesi. Aliiweka penseli chini, akatoka nje.

Mbinya aliendelea kufundisha. Aliona kila kitu vizuri, tena kwa upole: nyuso za watoto, vumbi kwenye mwanga wa dirisha, mifupa midogo myeupe. Alijiuliza kwa nini hakuona jikoni kile ambacho Ndululu amekiona mara moja. Kengele ikalia.

Habari zilifika mtoni kabla yake. Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani walimwambia mama mkwe wake, Kalunde, kwamba mwalimu ana mkono wa mtoto, ameuanika shuleni, anafundishia. Kalunde akauacha mtungi wake pale pale haujajaa.

Mbinya alimkuta amekaa kwenye kigoda uani, Syombua amebanwa katikati ya magoti yake.

"Ulichemsha nini kwenye sufuria ya mbwa?"

"Mkono wa nyani, mwaitu, mama yangu. Wa kufundishia."

"Nani alikuona ukiukata?"

"Hakuna."

Kalunde alitikisa kichwa polepole. Hakuwa mtu wa kelele. "Nimetoka kule nyuma, kaburini kwa mtoto. Udongo umebonyea."

"Ni mvua ya Aprili, mwaitu."

"Mvua." Alimvuta mjukuu wake karibu zaidi. "Syombua atalala kwangu leo."

"Sawa," alisema Mbinya. Alijisikia akisema sawa. Alijua kwamba mama mwingine yeyote hapo angepiga yowe, angejitupa chini, na kwamba mama mkwe wake alikuwa akilingojea hilo yowe ili apate kuamini. Halikuja.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, walikuja. Mzee Mutunga alitangulia na Biblia kwapani, na nyuma yake jirani yao Kivuva, jembe begani. Wengine walibaki nje ya ua wa minyaa, wakichungulia juu yake, na kati yao Mbinya aliwaona Nzioka na Ndululu.

Walisalimiana vizuri, wakapewa viti. Mutunga alikaa, Kivuva akakataa.

"Mwalimu," alisema Mutunga, "watu hawalali. Wanataka kaburi lile lifukuliwe waone kama mtoto yupo mzima. Wakimwona, maneno yanaisha."

Mbinya alilitazama jembe. Lilikuwa na udongo mwekundu uliokauka na jani la maharagwe limenasa kwenye makali. Kaburi lilikuwa hatua chache tu nyuma ya ghala, na lilikuwa dogo sana. Mtu kama Kivuva angelimaliza upesi.

Aliingia ndani, akatoka na gunia, akaipanga mifupa juu yake chini ya macho yao. "Angalia hapa, mzee. Kidole gumba cha nyani ni kifupi. Na hii ya kiganja, ona ilivyo mirefu. Mtoto wangu alikuwa wa miezi minne. Mkono wake haukuwa hivi."

Kivuva aliinama, akatazama, akainuka. "Lakini watoto wetu wanasema wewe mwenyewe ulifundisha kwamba ni sawasawa na ya mtu."

"Nilisema inafanana."

"Ehe. Sasa ikiwa inafanana, sisi tusiosoma tutajuaje ni ya nani?"

Mbinya aliona kwamba lilikuwa swali zuri. Lingeulizwa darasani, angemsifu aliyeliuliza.

Mutunga alisogeza kiti chake karibu, akapunguza sauti. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe, kila mtu alijua, na macho yake hayakuwa na ukali. "Mwanangu, mimi sidhani ulimgusa yule mtoto. Ninakwambia wazi. Lakini watu wanadhani, na wataniamini mimi nikisimama upande wako. Sasa nitasimamaje na mtu anayefundisha kwamba mimi na nyani ni ukoo mmoja? Sema hapa, wasikie, kwamba yale ni uongo. Halafu mifupa hii ichomwe. Kivuva atarudi na jembe lake, na kaburi hatalishika mtu."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Mbinya aliwatazama Nzioka na Ndululu. Mtihani ulikuwa unakuja, na neno lake ndilo wangeingia nalo. Alilitazama jembe. Alijaribu kuvipima vitu hivyo viwili kama mtu anavyopima mahindi, huku na huku, na mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu, haina uzito wowote. Ila kichwani ilimjia picha ya Ndolo alivyofungwa kwenye leso ya manjano aliyozikwa nayo, na makali ya jembe yakiipasua leso.

Alisimama.

"Niliyofundisha ni uongo," alisema. Sauti yake ilikuwa ileile anayoitia majina asubuhi. "Mtu yuko mbali na nyani. Hata mifupa yetu iko mbali. Nimekosea."

Mutunga alingoja. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, amejiandaa hata kumshika mkono, na sasa alikuwa kama mtu aliyeegemea mlango kwa nguvu akaukuta wazi. Aligeukia ua. "Mmesikia?"

"Tumesikia," watu wakasema.

Nzioka aliinamisha kichwa. Ndululu ndiye aliyeuliza, bila kiburi, kama mtu anayeuliza njia. "Mwalimu, sasa kwenye mtihani tuandike nini?"

"Andikeni ukweli," alisema Mutunga.

"Ndiyo, mzee," alisema Ndululu. "Upi?"

"Huyu msichana ana maneno mengi," alisema Kivuva. Aliinua jembe lake, akalalamika kwamba Jumamosi yote imekwenda na maharagwe yake bado yana magugu, akaondoka. Mbinya alilisindikiza jembe kwa macho mpaka likapotea nyuma ya minyaa. Hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa ameogopa.

Mutunga hakwenda mara moja. Alizunguka nyuma ya ghala peke yake. Wakamsikia akiomba, sala fupi, akimtaja Ndolo kwa jina. Kisha akarudi akifuta macho, akamwambia Kalunde alete moto.

Kalunde aliingia jikoni. Ili kubeba kigae cha makaa kwa mikono miwili ilimbidi amwachilie Syombua, na ilikuwa mara ya kwanza kumwachilia tangu jana. Mtoto hakumkimbilia mama yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia, akachuchumaa, akaitazama mifupa kwa muda mrefu na kichwa amekilaza upande, kama alivyotazama vifaranga.

"Syombua, toka hapo," alisema bibi yake kutoka mlangoni.

Mtoto hakutoka. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya gunia, kando ya ule mwingine, akavifungua vidole kimoja kimoja mpaka kila kimoja kikawa na mwenzake. Mutunga alisimama na kofia mkononi. Kule kwenye ua Ndululu na Nzioka walikuwa bado hawajaondoka. Mbinya alipiga magoti karibu na binti yake, akanusa moshi na mafuta ya nazi kwenye nywele zake, na kitu fulani kilimchoma, kwenye ncha za vidole, pale penye malengelenge. Kiliuma sana. Hakumwondoa mtoto.

Syombua aliinua uso akawatazama wote.

"Huu mkono unafanana na wangu," alisema.