Mwendo wa Sitini

Uchungu ulimshika Nagat baada ya adhuhuri. Ilikuwa mimba yake ya kwanza katika miaka saba ya ndoa, na mtoto alitanguliza miguu. Mkunga aliosha mikono akasema, "Mimi basi. Mpelekeni hospitali ya Tanta, na mkimbie."

Mumewe Bayumi alikuwa na teksi, na juma lile alikuwa ameitia injini mpya. Kwenye kioo cha nyuma aliandika kwa chokaa, kama wafanyavyo madereva wote wa kule: INJINI INALAINISHWA. Fundi Girgis alimwambia asizidishe sitini mpaka kilomita elfu zitimie, la sivyo itakunywa mafuta maisha yake yote.

Wakashika barabara ya mfereji. Nagat alilala kiti cha nyuma, macho kwenye mshale wa mwendo. Ulisimama kwenye sitini kama uliopigiliwa msumari.

"Bin ami," alimsihi mumewe, "kanyaga kidogo. Nakufa."

"Hufi. Mwendo huu ni lita saba kwa kilomita mia, unajua? Ile ya zamani ilikuwa inakunywa kumi na mbili!"

"Mtoto, Bayumi!"

"Na huyo mtoto atakula nini gari likinimaliza?"

Mama mkwe, Hajati Dawlat, alikaa mbele wala hakugeuza shingo. "Mimi nimezaa watano katika shamba la pamba, na jioni nikakanda unga. Nyie wa siku hizi mnazaa kwa mdomo."

Lori likawapita kwa honi. Utingo akatoa kichwa: "Ee hajji, umefunga nyati huko mbele?"

"Soma kioo, mpumbavu!" Bayumi akacheka.

Nagat aliomba kwa jina la Mungu, akaomba tena, kisha akajipapasa. Mtoto alikuwa ametulia tumboni, na haukuwa utulivu wa kheri.

Hospitalini wakamtoa mtoto wa kiume, kamili wa viungo, bila pumzi. "Mngewahi robo saa tu," daktari alisema. Hajati akasema ni kadari. Nagat naye kadari aliiamini, lakini mshale aliuona.

Siku ya tatu majirani wakaja kuhani, wanawake chumbani, wanaume ukumbini, mlango wa kati ukiwa wazi. Bayumi hakuwa amedondosha chozi, na watu walimsifu kwa subira.

"Pole, ndugu yangu," alisema Fundi Girgis. "Injini haikukusumbua njiani?"

"Hata. Kilomita elfu zimetimia jana, zote kwa sitini. Sikupanda wala sikushuka."

Fundi akaweka kikombe chini. "Zote? Bwana wee, nilisema usizidishe sitini kutwa nzima, sikusema ugande! Injini mpya hubadilishiwa mwendo. Ungeichapua hata nusu saa isingedhurika. Ukigandia mwendo mmoja ringi za pistoni hazikai sawa. Hiyo sasa itakunywa mafuta mpaka uichoke."

Bayumi akashika kichwa, akaangua kilio kama mtoto mdogo.

Wanaume wakamshika mabega. "Mwacheni alie, ni damu yake. Mungu atakupa mwingine, Bayumi."

Nagat, maziwa yakimlowesha kifua, aliinuka akafunga mlango.