Matoka ya Mzee Zachariah

Saa mbili asubuhi Njambi alifika Kiplombe akakuta mpaka umetoweka. Jana yake vijana wa kikundi cha miti walikuwa wamefyeka ukingo wa kijito ili mgeni wa wafadhili akute mahali safi. Walifyeka kila kitu wakang'oa hata matoka, yale maua ambayo Wakikuyu hupanda kuonyesha shamba la mtu linaishia wapi.

"Tulidhani ni maua tu, madam," alisema Kiptoo, kiongozi wao. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi.

Mzee Zachariah alisimama shambani mwake, mikono nyuma. Alifukuzwa hapa mwaka wa 2008, katika ghasia za uchaguzi kati ya Wakikuyu na Wakalenjin, akakaa mtaa wa Munyaka mjini miaka sita kabla ya kurudi. "Wale walionifukuza walichoma nyumba," alisema, "lakini matoka waliyaacha."

Kaka yake Njambi, Kim, aliuawa wiki ile ile ya moto. Baada ya mazishi Njambi alianza kuotesha miche kwenye pakiti za maziwa ili mikono isikae bure. Sasa alikuwa mkurugenzi wa shirika lenye wafanyakazi kumi na mmoja, na kazi na mishahara yao ya miaka mitatu ijayo ilitegemea fomu moja ya wafadhili: kila mwenye shamba ukingoni aweke sahihi ya kukubali miti ipandwe, leo, mbele ya mgeni. Ilibaki sahihi ya Zachariah tu. Na mwaka ujao ulikuwa wa kura.

Lynette, mgeni huyo wa wafadhili kutoka Nairobi, alifika saa tatu. Ndege yake ilikuwa saa sita.

"Nitaweka sahihi matoka yakirudi ardhini," Mzee alimwambia. "Si mapema."

Kiptoo alikimbilia lundo la takataka akarudi na mizizi ya matoka. Lakini ipandwe wapi? Aliyejua ni jirani, Mama Jebet, Mkalenjin, ambaye shamba lake lilipakana na la Mzee. Njambi aliogopa kupumua. Hatua moja tu ya kukosea, na habari ingefika mjini kabla ya chakula cha mchana.

"Usije ukanimeza, Mama," Zachariah alimwambia alipofika kuonyesha mpaka.

"Umekauka hivyo, nikikumeza nitashiba?"

Mama Jebet alitembea polepole, akasimama, kisha akarudi hatua moja kuelekea upande wake mwenyewe. "Ni hapa. Niliyamwagilia maji ukiwa Munyaka."

Zachariah alipiga magoti, akapanda la kwanza. Hakutaka mtu amsaidie.

Saa tano Lynette alimvuta Njambi kando. "Mwambie aweke sahihi sasa, atamalizia baadaye. Faili inafungwa leo."

Njambi alimwendea, fomu mkononi. Mzee alikuwa akishindilia udongo kwa kiganja, midomo ikicheza bila sauti. Njambi aliwafikiria wafanyakazi wake mmoja mmoja, kwa majina. Akasimama pale bila kumpa fomu hadi akasikia gari la Lynette likiwaka.

Saa saba Zachariah alijipangusa mikono. "Haya, lete. Yule mgeni yuko wapi?"

"Ameenda, Mzee."

Alitazama barabara, kisha akamtazama yeye. "Sasa watu wako watakula nini?"

Njambi alimpa kalamu hata hivyo. Mzee akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na Mama Jebet akatia lake chini kuwa shahidi, kwenye fomu ambayo hakuna ofisi iliyokuwa ikiingoja tena.