Mkono Sikioni

Mkufunzi wa kituo cha uzamiaji alipokuja msibani kwetu, mimi nilikuwa ndani na wanawake. Nilimsikia kupitia dirishani akiwaeleza wajomba kwamba kitinda mimba wetu hakuonyesha hofu hata kidogo. Aliachana na kundi kule chini ya maji, akaenda zake, na yeye Mkufunzi alipogeuka hakumwona tena. Mjomba mkubwa akashusha pumzi, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilitamani nitoke nikamzibe mdomo kwa kanga. Mama alikuwa ameegemea ukuta, na alisikia kila neno.

Miaka ikapita, nikaenda kusomea ualimu wa uzamiaji kwenye kituo kilekile. Mama akaacha kusema nami. Kuzamia nilikuwa nakujua, nilichokosa ni cheti cha kufundisha, na mtoa cheti ni Mkufunzi. Hakunitambua, mimi na marehemu tulichangia mama tu, na jina la baba yangu halikumwambia lolote. Cheti nilikitaka kweli, sikatai. Lakini nilitaka pia kukaa karibu na mtu wa mwisho aliyekuwa na mdogo wangu, ingawa sikujua nikishakaa naye nitafanya nini.

Mafunzo haya yana mchezo wake. Mwanafunzi anajifanya mwalimu, na Mkufunzi anajifanya mwanafunzi mbumbumbu. Mkishuka anafanya makosa makusudi, nawe uyaone na kuyarekebisha kabla hayajaleta balaa. Alikuwa mwigizaji hodari, na wenzangu walimwiga mezani wakacheka hadi kupaliwa. Zoezi moja tu hawakuligusa, lile la mtu aliyeingiwa na hofu. Aliyelipitia alisema tu kwamba mzee anakuwa mtu mwingine, kisha akaomba apewe chumvi.

Kanuni yake ni nyepesi kuisema. Mshike mkanda wa kifuani, mtazame machoni, umpandishe polepole. Ukimwachia, umefeli.

Siku ya mtihani tulishuka watatu: mimi, Mkufunzi, na msaidizi wake tuliyemwita Mitungi kwa kuwa ndiye aliyeijaza hewa. Maji yalikuwa ya kijani, yenye tope jepesi. Mkufunzi akatoa macho, akarusha miguu, akatema kipumulio. Nilimshika mkanda kwa mkono mmoja na kudaka kipumulio kwa mwingine. Hapo mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu, ukashika ncha ya sikio, ukaivuta.

Nilipigwa na baridi ndani ya maji ya vuguvugu. Kitinda mimba wetu alifanya hivyo tangu anatambaa: radi ikipiga, akiona sindano, siku ya kwanza ya shule. Mama alikuwa akisema, "Ameshaanza kulikamua," nasi tukamtania mpaka ukubwani. Sijawahi kumwona mtu mwingine wa namna hiyo.

Kumbe Mkufunzi alimwona. Alimwona uso kwa uso, akiogopa, kisha akaja kwetu kutuambia mtoto alijiendea.

Kipumulio kilikuwa mkononi mwangu. Nilikishikilia tu, nikimtazama, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Lakini ule mkono ulikuwa bado sikioni, unavuta, na sikuweza kuuacha kule chini mara ya pili. Nikamrudishia hewa, nikampandisha.

Juu ya maji alivua miwani akitabasamu. Akasema nilichelewa kidogo na hewa, ila sikumwachia, kwa hiyo nimefaulu.

"Kwa nini umeshika sikio?" nikamuuliza.

"Sikio gani? Sijashika sikio lolote."

Hakuwa anadanganya, nilimwona. Mitungi, aliyekuwa akielea pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Huwa unashika, mwalimu. Kila mtihani. Tangu yule kijana."

Mkufunzi akautoa mkono majini, akauangalia kana kwamba ameletewa na mtu.

"Yule kijana ni mdogo wangu," nikasema. "Ndivyo alivyokuwa akiogopa. Ulisema hukumwona."

Mkono ukaanza kupanda tena, akaukamata kwa wa kulia, akaushusha, nao ukarudi. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Alining'ang'ania. Niliogopa, nikamwachia."

Hakuweza kuogelea tena. Nilikuwa bado nimemshika mkanda, nikamvuta hivyohivyo hadi kwenye ngazi ya boti, huku Mitungi akitufuata.

Jioni nilimkuta mama jikoni, amenipa mgongo kama kawaida yake ya siku hizo. Sikumtajia cheti. Nilimwambia kwamba mwanawe hakujiendea, na kwamba alishika sikio.

Alikoroga sufuria iliyokuwa ikitokota.

"La kushoto?" akauliza.

"La kushoto, mama."

Akapunguza moto, akanisogezea kigoda.